Vitabu vya Mifuko ya Saruji

Kitabu cha kwanza nilichotengeneza kwa mikono yangu kiliishia kuwasha jiko. Mume wangu alikinyofoa karatasi moja moja, akazikunja, akazipanga chini ya makaa na kupiga kiberiti. Hakuwa na hasira. Alitaka chai, na gazeti la kuwashia lilikuwa limeisha. Nilipomwambia kwamba yale yalikuwa maandishi yangu, hadithi ya watoto, alipepea kwanza mpaka makaa yakashika, ndipo akauliza, “Na ulikuwa unamwandikia mtoto wa nani?”

Hakutaka jibu. Tulikuwa tumeoana muda wa kutosha kwa watu wa kwao Bungoma kuacha kuuliza na kuanza kusema. Sikuwa nimezaa, na sikuzaa baadaye, na nalisema hapa mapema ili msomaji asikae akingojea muujiza.

Tulikuwa tunaishi Kitale, nyumba ya kupanga nyuma ya maghala ya mahindi. Yeye alikuwa karani wa ghala. Mimi nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi upande wa kwenda Endebess. Watoto wangu wengi walikuwa wa vibarua wa mashamba makubwa, wanakuja asubuhi miguu imelowa umande hadi magotini. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa dawati zima. Walikisoma kwa sauti nzuri, kwa pamoja, bila kusita, na mimi nilijisifu kwa hilo mpaka siku moja nilipokiweka mbele ya dawati la kwanza juu chini, kwa bahati mbaya. Wakakisoma hivyo hivyo. Hawakukosea neno. Nilipita dawati kwa dawati nikigeuza vitabu, nao wakaendelea kuimba, macho yameelekea darini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kusoma. Walikuwa wamekariri.

Ndiyo sababu nilianza kutengeneza vitabu, ili wapate kitu wasichokijua. Shule ilikuwa inajenga darasa jipya na mifuko mitupu ya saruji ilirundikwa nyuma ya choo. Mfuko wa saruji una karatasi zilizopandana. Ya nje imechafuka, lakini ukiichambua, ya ndani ni ya kahawia, safi, ngumu, haichaniki kwa mkono wa mtoto. Niliifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nikaikata kwa wembe, nikaishona kwa sindano ya gunia. Gundi nilipika kwa unga wa muhogo. Rangi zilikuwa makaa, udongo mwekundu, buluu ya kufulia, na majani ya viazi vitamu niliyoyaponda. Majalada yalikuwa katoni za sabuni.

Baada ya kile cha jikoni nilitengeneza vingine, nikaviweka shuleni visionekane nyumbani. Nataka kusema ukweli kuvihusu: havikuwa vizuri. Watoto walivipenda kwa kuwa vilikuwa vipya, kisha wakaviacha. Nilikuwa natunga kama mwalimu, kila sungura ananawa mikono kabla ya kula.

Katikati ya miaka ya themanini mfumo wa elimu ulibadilishwa, na sisi walimu tukaambiwa tujitengenezee vifaa vya kufundishia. Wengi hawakujua waanzie wapi. Mwalimu mkuu wetu aliviona vitabu vyangu kabatini, akaniagiza niwe nafundisha wenzangu Jumamosi. Wakaja walimu wa shule za jirani, na wanawake wa chekechea ambao hawakuwa wamesomea ualimu, waliokuwa wamepewa watoto na kivuli cha mti wakaambiwa wafundishe.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho hakikuwa ndani ya vitabu vyangu mwenyewe. Sikuwa na kipaji cha kutunga. Lakini kitabu cha mtu mwingine nilikiona kama fundi anavyoona ukuta uliopinda. Nilijua mahali kinapokufa.

Nakumbuka mwanamke mmoja wa chekechea, mnene, mpole, aliyeleta hadithi ya kifaranga aliyemtii mama yake. Nilimwuliza, “Huyu kifaranga anataka nini?”

“Anataka kumtii mama.”

“Hakuna kifaranga anayetaka hivyo. Anataka nini?”

Alilia. Alisema ameandika usiku kucha, nami namwonea. Nilimwacha alie, kisha nikamwuliza tena. Jumamosi iliyofuata alirudi na kifaranga aliyetaka kujua kuku wakubwa wanaoingia jikoni siku ya Krismasi huwa wanatokea mlango gani. Alipowasomea watoto wake, walijibana hivi, mikono mdomoni, na kufika mwisho walipiga kelele kama watu walioona nyoka, kisha wakasema, “Rudia.” Nilikuwa nimesimama nyuma. Mwili wangu wote ulikuwa moto. Nilikwenda nyumbani siku hiyo bila kuhisi barabara, na mume wangu aliponiuliza nacheka nini, sikumwambia.

Haikuchukua muda naye akawa na cha kucheka. Alioa mke wa pili huko kwao, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mimi niliambiwa na mama mkwe wangu tulipokwenda kutazama mahindi, mbele ya wageni, akinipa bakuli la mchuzi. “Huyu ametuletea mtu,” alisema, akaonyesha msichana aliyekuwa akisonga ugali na tumbo tayari limejaa. “Wewe Mwalimu unarea makaratasi.” Alisema “unarea” badala ya “unalea”, kama wazee wa kwetu wanavyosema. Wageni walitazama sahani zao. Msichana hakuinua kichwa, lakini nilimwona anatabasamu ndani ya sufuria.

Akazaa, akazaa tena. Mume wangu akawa anakaa zaidi Bungoma kuliko Kitale. Kisha mama yake akapigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa wote, na ulimi ukabaki. Mume wangu alikuja kuniambia kama mtu anayepanga mizigo.

“Yule ana watoto wadogo. Hawezi kumgeuza mama kitandani. Wewe huna shughuli ya nyumbani. Omba uhamisho.”

“Nina darasa.”

“Darasa liko kila mahali.”

Niliomba uhamisho, nikaupata. Nilipewa chumba kilichopakana na jikoni, chenye moshi, na darasa la kwanza katika shule iliyokuwa ng'ambo ya mto mdogo. Alfajiri nilimwosha mama mkwe, jioni nilimwosha tena. Alikuwa mzito. Nikimgeuza alikuwa anasema, kwa nusu ya mdomo iliyobaki, “Unanigeuza kama gunia. Ungekuwa umewahi kubeba mtoto, ungejua kubeba mtu.” Alilisema siku nyingi, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesali. Nami nilikuwa nampangusa mgongo.

Mke mwenzangu hakunitukana. Hakuwa na haja. Nikipita karibu, alimfunika mtoto mchanga uso kwa leso. Watoto wakubwa walipoelekea chumbani kwangu, alisema kwa upole, “Rudini. Mama mkubwa hajazoea watoto.” Nilikuwa nafundisha watoto hamsini na zaidi kila siku. Bega langu la kushoto liko juu kuliko la kulia, mfupa uliunga vibaya nilipovunjika nikiwa mdogo, na kikapu cha vitabu huwa nakiangika kwenye bega hilo. Watoto wake walijifunza kutembea kama mimi kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Yeye alikuwa akiwatazama wakifanya hivyo uani, anachambua mboga, hacheki, hakatazi.

Nilipata pumziko mahali pamoja tu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamesikia juu ya Jumamosi zangu za Kitale, wakaniomba niwafundishe, nao wakapata chumba cha nyuma ya kanisa. Walikuja wauza mboga, mke wa mchungaji, walimu wa chekechea wawili watatu, mjane mmoja mfuma sweta. Mifuko ya saruji tulipewa na fundi aliyekuwa anajenga posho mili, kinu cha kusagia unga. Sheria zangu zilikuwa chache na hawakuzipenda. Wakiandika mwishoni “hadithi hii inatufunza”, nilikata mstari huo. Kila kitabu lazima kisomewe watoto kabla hakijashonwa, na ukurasa uliomfanya mtoto aangalie dirishani, unang'olewa. Mke wa mchungaji aliniambia, “Mwalimu, una roho ngumu.” Nikamwambia watoto wana roho ngumu kuliko mimi, ila wao hawasemi, wanapiga miayo tu.

Jumamosi moja mke mwenzangu aliingia, mtoto mgongoni, akaketi mbele kabisa. Sikumwalika. Nadhani alichoka kusikia wanawake wanacheka mtoni kuhusu mambo asiyoyajua. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini alishika makaa ya kuchorea kana kwamba alizaliwa nayo. Siku ya kwanza alichora kuku, na yule kuku alikuwa na dharau usoni. Kuku mwenye dharau. Sijui aliifanyaje, kwa mistari mitatu tu. Nilikaa nimemkodolea macho yule kuku na kitu kikanichoma, kwa sababu nilijua papo hapo kwamba huyu ndiye. Kati ya wote niliowahi kuwafundisha, aliyepewa kipaji alikuwa ndiye huyu.

Alikaa wiki kadhaa bila kuonyesha alichokuwa anaandika. Siku aliyokisoma, chumba kilikuwa kimejaa.

Hadithi yake ilikuwa ya linani, zimwi lile ambalo bibi zetu walitutishia jikoni. Linani huyu alikuwa mwanamke. Bega lake moja lilikuwa juu, ndipo alipoangika kikapu. Tumbo lake lilikuwa tupu, halijawahi kujaa. Kila asubuhi alipita njiani akiokota watoto wa wenzake, akawaweka kikapuni, akawapeleka kwake. Lakini hakuwala papo hapo. Aliwaketisha sakafuni akawafundisha kuhesabu vidole. Aliyekosea alirudishwa nyumbani, kwa sababu alikuwa bado mbichi. Aliyepata vyote, huyo ameiva.

Alisoma kwa sauti ya utulivu, akigeuza karatasi polepole, na katika kila karatasi nilikuwemo mimi. Kilemba changu. Viatu vyangu vya plastiki. Nilimwona mjane wa sweta akishusha macho. Mwisho wa hadithi, wanaume wa kijiji walikuja na mapanga wakamkatakata linani, wakapata watoto wote wazima tumboni.

Alifunga kitabu akaniangalia. Mtoto mgongoni kwake alikuwa amelala.

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema, na yote yalikuwa ya nyumbani. Lakini nilikuwa nimekisikiliza kile kitabu kama nilivyosikiliza vingine, siwezi kusikiliza kwa namna nyingine. Nikasema, “Ukurasa wa kwanza unamwonyesha linani uso. Mapema mno. Tuonyeshe kikapu tu, na mkono. Uso tuungojee.”

Alifinya macho. “Ni hayo tu?”

“Na mwisho wako umekufa. Watoto hawana mapanga. Wanaume wametoka wapi? Mtoto anayesikiliza anataka mtoto ndiye ashinde.”

Mke wa mchungaji alitaka kuingilia, akasema, “Mwalimu, pengine kitabu hiki kiwekwe pembeni.” Nikamwambia hakiwekwi pembeni, ndicho bora tulichosikia tangu tuanze. Ilikuwa kweli. Niliitamka kama mtu anayetema jino.

Jioni ile, baada ya kumlisha mama mkwe, nilimkuta mke mwenzangu ameketi ukingoni mwa baraza, karatasi zimetandazwa mbele yake, anajaribu mwisho mwingine. Jua lilikuwa bado halijatua. Nilivuta kigoda nikaketi mbali kidogo. Alikuwa ameweka msichana mdogo kwenye hadithi, msichana mwerevu aliyehesabu vibaya kwa makusudi kila siku ili asiliwe.

“Huyu ni mzuri,” nilisema.

“Lakini sasa hadithi haiishi. Anahesabu vibaya, anarudishwa, anashikwa tena. Ataendelea hivyo mpaka aolewe?”

“Linani anakula nani?”

“Si nimeandika. Aliyepata vyote.”

“Na katika hadithi nzima, nani hajawahi kukosea kuhesabu?”

Mkono wake ulisimama. Nilimwona akifikiria, nikaona inavyomjia, kama mtu anayesikia mvua mbali kabla wengine hawajaisikia. Aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama bila kunificha kitu.

“Msichana anamwambia nionyeshe wewe,” alisema polepole. “Linani anahesabu vidole vyake mwenyewe. Anapata vyote.”

“Basi.”

“Basi ameiva.” Akashika makaa. “Anajila.”

“Anaanza na vidole,” nilisema. “Kimoja kila ukurasa, watoto wahesabu naye.”

Tulifanya kazi mpaka hatukuona tena karatasi. Alinionyesha mdomo wa linani, nikamwambia auache wazi kidogo, asiweke meno yote. Alifuta, akachora tena. Alipokuwa anakusanya vitu vyake aliniuliza, “Hukukasirika?”

“Nilikasirika.”

“Sasa mbona unanisaidia?”

“Kilikuwa karibu kuwa kizuri. Siwezi kuona kitu kiko karibu na kukiacha.”

Alifikiri kidogo. “Bado ni wewe,” alisema. “Sitabadilisha bega.”

“Usibadilishe. Bila bega si kitu.”

Hatukuwa marafiki kwa hilo. Kesho yake alimfunika mtoto uso kama kawaida.

Kitabu kile kilizunguka. Wanawake walikinakili kwa mkono, kila mmoja kwa mifuko yake, na kikafika shuleni kwangu kabla sijajua. Nilikuwa nakisikia uwanjani, watoto katika duara wakihesabu vidole vya linani, sauti zikipanda, na kwenye kile cha mwisho wanaanguka chini wanagaragara. Nilisimama dirishani na lile joto la Kitale likanirudia mwilini. Sikuwahi kusikia watoto wakimiliki kitabu namna ile. Mimi nilikuwa nimekifinyanga, hata kama hakuna aliyejua, hata kama nyama iliyokuwa ikiliwa ilikuwa yangu.

Halafu wakaanza kunikimbia. Kwanza wa njiani, wakiona kikapu. Kisha wa darasani. Nilimwita mtoto mbele ahesabu vidole vyake, mtoto niliyejua anahesabu hadi mia bila shida, akasema, “Saba.” Mwingine akasema tisa. Mwingine kumi na mbili. Walikuwa wanatetemeka kweli, si utundu. Darasa zima likakataa kupata hesabu mbele yangu. Nilijaribu kucheka nao, nikajaribu kuacha kikapu nyumbani, nikavaa viatu vingine. Bega sikuweza kuliacha nyumbani. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe anakojoa kitandani kwa sababu ya mwalimu. Mwalimu mkuu, mtu wa haki, aliketi nyuma ya darasa langu kipindi kizima akisikiliza watoto werevu wakisema wana vidole sita. Akanipa darasa la sita, nifundishe kilimo.

“Ni kwa muda, mayi,” aliniambia, akitumia neno la heshima tunalowaita akina mama. Haikuwa kwa muda. Sikufundisha tena darasa la kwanza maishani mwangu.

Mama mkwe naye alisomewa. Nilikuwa namkanda mguu wakati mke mwenzangu alipoketi kando ya kitanda na kukifungua. Alicheka. Tangu augue hakuwa amecheka, na kicheko kilitoka upande mmoja, mate yakamtiririka kidevuni, nikayapangusa. “Soma tena pale anajira,” alisema. Akasomewa tena. Alininyooshea kidole cha mkono ulio hai, ili kama sikuwa nimeelewa nielewe.

Baadaye akaja afisa wa elimu, amesikia kuna akina mama wanatengeneza vitabu. Tulipanga vitabu mezani kanisani, tukapika chai. Afisa alishika kile cha linani, akakigeuza, akacheka peke yake, akauliza ni cha nani. Mke mwenzangu alisimama.

“Nani amekufundisha kutunga hivi?”

Alikuwa na muda wa kunitazama, na alinitazama. “Nimejifundisha mwenyewe,” alisema.

Chumba kizima kilijua. Mjane wa sweta alifungua mdomo, nikamshika mkono chini ya meza. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilitaka tu isikike mpaka mwisho, nione atafika wapi na uongo wake. Alifika mbali. Alipewa kazi ya chekechea, na siku za soko Chwele akawa anaitwa kufundisha walimu wengine, anapanda pikapu ya wauza vitunguu na makaratasi yake mapajani. Mume wangu alipata sifa kwa watu. Nilimsikia akimwambia jirani, “Kumbe hii kitu ina maana, bana. Mke wangu anaifanya.” Hakumaanisha mimi.

Niliwahi kwenda Chwele kumsikiliza, kwa siri, nimesimama nyuma ya wanawake waliokuja na vikapu vyao. Alikuwa mkali. Alichukua kitabu cha mwalimu mzee akakisoma kwa sauti, kisha akamwuliza, “Huyu mbuzi anataka nini?” Maneno yangu, sauti yangu, hata ule utulivu kabla ya kung'oa ukurasa. Yule mzee akakasirika, akajibu, akafikiri, akaanza kufuta. Nilikuwa na uchungu wa mtu aliyeibiwa. Pia nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa sababu kitabu cha yule mzee kilikuwa kinaanza kupumua, na mimi sikuwa nimekigusa. Niliondoka kabla hajaniona. Nilinunua nyanya nikaenda zangu.

Mama mkwe alikufa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi ndiye niliyemfunga kidevu. Matanga yalipokwisha, mume wangu alinikuta naosha masufuria makubwa ya kuazima.

“Ile kazi uliyoitiwa imekwisha,” alisema. “Ukitaka kurudi Kitale, hakuna anayekuzuia.”

Nilirudi Kitale. Nilipanga chumba, nikafundisha madarasa ya juu, na Jumamosi nikaanza upya katika ukumbi mdogo wa akina mama, mimi na mifuko ya saruji. Wapya wengine walikuwa vijana, wanasalimia “sasa” badala ya “hujambo”, wanavaa jinzi, nao walikuwa wagumu kufundishika kuliko wazee, na wazuri zaidi wakishafundishika. Nilikuwa mpweke nyumbani, siwezi kudanganya. Ukumbini sikuwa. Mtu akikaa mbele yangu na hadithi mbovu, nilikuwa na mahali pa kuwa.

Miaka ilipita kabla sijamwona tena mke mwenzangu. Jumamosi moja alitokea mlangoni pa ukumbi na begi. Alikuwa amenenepa na uso umekauka. Wanawake walimpisha, akaketi nyuma. Nilikuwa na msichana mbele anasoma hadithi ya punda, naye alipofika katikati, sauti ilitoka nyuma, “Hapo mtoto amelala. Ng'oa.” Msichana akanitazama. Nikasema, “Umesikia. Ng'oa.”

Nilimpeleka chumbani kwangu, nikampa chai. Alizungusha kikombe muda mrefu.

“Ameoa,” alisema. “Msichana mdogo. Anafundisha shule ya upili huko Lwakhakha.”

Sikusema pole. Yeye hakuwahi kuniambia, na hangeamini.

“Amemleta nyumbani?”

“Amempa chumba changu. Mimi nimehamishiwa kile cha karibu na jikoni.”

“Kina moshi.”

“Kina moshi,” alikubali.

Akafungua begi akatoa rundo la karatasi za kahawia, zimechorwa zikafutwa, zikachorwa tena, mpaka zimekuwa nyembamba. Alizitandaza kitandani kwangu. Alitaka kufanya ile kazi anayoijua. Alitaka kumwandika yule msichana, amtengenezee pembe, ampe meno, watoto wa Bungoma nzima wamkimbie njiani.

“Siwezi,” alisema. “Nimejaribu tangu mvua zianze. Angalia.”

Niliangalia. Karatasi ya kwanza, msichana amebeba maji. Ya pili, msichana anamchana mtoto nywele, mtoto wa mke mwenzangu, nilimtambua. Ya tatu anacheka. Mistari ilikuwa mizuri ajabu, bora kuliko zamani. Mkono wake ulikuwa umekomaa.

“Kila nikimchora anatoka mzuri,” alisema. “Ananiamkia. Ananisaidia kubeba kuni. Ati ananiita dada. Nitamfanyaje linani mtu kama huyo? Hebu nisaidie, Mwalimu. Wewe unajua.”

Lilikuwa ombi la kwanza aliloniomba katika maisha yetu yote. Nilizipitia karatasi tena, moja baada ya nyingine, kwa haki, kama ambavyo ningezipitia za mtu yeyote. Nilitafuta. Nakuapia nilitafuta.

“Huyu hataki kitu chochote,” nilimwambia. “Huna kitabu hapa.”

Alilia kwa muda mrefu, kichwa kimeinama juu ya zile karatasi, buluu ya kufulia ikaanza kuchuruzika. Nilizivuta ili zisiharibike, nikaziweka juu ya kabati. Nilimtandikia chini. Asubuhi aliondoka akarudi Bungoma, kwa watoto wake na kile chumba cha moshi, na nasikia Chwele bado wanamwogopa na bado wanamjia. Mimi nilikuwa na wanafunzi Jumamosi iliyofuata. Yule msichana wa punda alikuwa wa kwanza kufika, amekaa kwenye ngazi, ana ukurasa mpya.